Mtetezi wa Jumbe Rehani

Kigango cha Lusange, nyuma ya Matombo
10 Novemba 1912

Kwa binti yangu Chausiku, nyumbani kwa Hatibu mshona nguo, Morogoro mjini.

Salamu nyingi. Baada ya salamu, mimi baba yako ni mzima, isipokuwa mguu. Barua hii naisema kwa mdomo na anayeandika ni Gabrieli, mwalimu wa dini hapa kigangoni. Unajua serikali ilinipa ujumbe wa kijiji bila kunipa herufi.

Ujumbe nimeuacha. Sasa nakaa kwa mapadre, nafagia kanisa na kulisha mbuzi. Kuna Mzungu mmoja hapa, Bruda Malaki, ambaye si Mjerumani. Kwao ni kisiwa kinachoitwa Ailandi. Kinatawaliwa na Waingereza, na anasema huko nako kuna watu wa kwao wanaowakusanyia wageni kodi. Nilimwuliza watu hao wakizeeka hufanywaje. Akacheka mpaka akakohoa.

Huyu Bruda ametunga mchezo wa Noeli kwa mfano wa ile wanayoicheza kwao. Mlevi mmoja ametenda ubaya mkubwa na amejifungia ndani. Shetani anapiga hodi, anakaribishwa, anakula chakula chote, kisha anasema, "Nimekuja kukuchukua." Mlevi anabisha. Ndipo Shetani anawageukia watu waliokuja kutazama na kuwauliza, "Nani anamtetea?" Hapo lazima asimame mmoja aliyekosewa na mlevi, aseme mwacheni. Akisimama, Shetani anaondoka mikono mitupu. Asiposimama, kengele inalia na mlevi anachukuliwa. Bruda anasema kwao hajakosekana mtetezi mwaka hata mmoja, maana hata mke aliyepigwa jana husimama, ili mchezo uishe watu waende kunywa.

Mlevi ni mimi. Shetani ni Dadi, mtoto wa shangazi yako.

Njoo, mwanangu. Njoo mkesha wa Noeli usimame. Hapa hakuna mwingine ambaye kusimama kwake kutakuwa na maana.

Mimi baba yako,
Rehani

(Mimi Gabrieli, mwandishi: mzee alisema na mengine hapa mwisho. Sikuyaandika kwa sababu hayakuwa maneno, alikuwa analia.)


Kigango cha Lusange
24 Novemba 1912

Kwa binti yangu Chausiku.

Akina mama wanaoteremsha ndizi sokoni wanasema barua walikupa mkononi. Basi ulipata, na umenyamaza. Nakubali. Ningekuwa wewe, nami ningenyamaza.

Lakini nimefikiri. Kwa yale mambo ya mwaka wa vita, ukoo wa mama yenu ulipungua mtu, na hakuna aliyewalipa. Zamani, ukoo ukipunguza mtu wa wenzao, ulitoa mtu wake akakae kwao, awe wao kabisa, alime na kuzika pamoja nao. Mimi nawapa Dadi. Nimekwisha mwambia. Akauliza kama mjini mnakula wali kila siku.

Mpokeeni. Ukimpokea, utaweza kusimama mkesha wa Noeli bila aibu, maana deni la mtu litakuwa limelipwa kwa mtu.

Maandalizi yanaendelea. Bruda ametaka Shetani ale chakula cha kweli, eti watu wasione uongo, basi Dadi anamaliza kuku kila tukifanya mazoezi. Mkanda wa suruali umekwisha mshinda. Na Kiswahili Bruda alifundishwa na wapagazi njiani, kwa hiyo Shetani wetu akiingia anasema, "Haya, simama, twika, twende!"

Baba yako,
Rehani


Morogoro
1 Desemba 1912

Baba,

Barua zako mbili zimefika. Ya kwanza niliifungia maandazi. Ya pili Hatibu aliisoma kabla yangu, akaniambia, "Mke wangu, hii usiifungie kitu. Ijibu." Basi najibu, na wewe Gabrieli umsomee yote. Usije ukaamua kwamba na haya si maneno.

Nimetafuta jina la Mosi ndani ya barua zako na halimo. Kuna "yale mambo". Kuna "mwaka wa vita". Kuna ukoo "uliopungua mtu", kana kwamba sisi ni ghala na panya wamepita. Mosi hakupungua. Mosi alitolewa, na aliyemtoa ana jina, ana mguu unaomwuma, na anafagia kanisa.

Nikukumbushe, maana labda pombe imekwisha kula mahali ulipoyahifadhi. Bwana wa askari alisimama uwanjani petu akataka mtu aliyekunywa maji ya waganga wa vita. Atolewe mmoja kabla ya jua kuchwa, la sivyo nyumba zote zichomwe. Aliyekunywa alikuwa Dadi. Kijiji kizima kilijua, alikuwa akitamba nayo visimani, kwamba risasi kwake zitakuwa matone ya mvua. Wewe ukapima. Ukasema, huyu ni mtoto wa dada yangu, ni damu ya ukoo wangu, ndiye atakayenirithi. Yule nimemzaa, lakini ni wa ukoo wa mama yake. Ukamtoa yule uliyemzaa.

Kwa desturi hiyo hiyo uliyoitumia kupima, hukuwa na haki ya kumpeleka Mosi jandoni bila kumwita mjomba wetu. Kumwadhibu hukuwa na haki bila mjomba. Siku ile mjomba alikuwa Mgeta na hukumtumia hata mtu wa kumwita. Basi haki ya kumtoa akanyongwe ulipewa na desturi ipi?

Wala hukumwambia. Ulimwita ukasema, "Mosi, wabebee askari mzigo mpaka Morogoro, kisha urudi." Mihogo ya kuchoma nilimfungia mimi. Akanitania kwamba mzigo wa askari ni mwepesi kuliko mimi nilivyokuwa mgongoni pake nikiwa mchanga. Walimnyonga mihogo yangu ikiwa bado tumboni mwake.

Na sasa unanipa Dadi! Ulitoa ndugu yangu ukabaki na Dadi, umemla mpaka umemchoka, ndipo unanipa mimi masalio. Vinubhai, mwenye duka ambaye Hatibu anashonea barazani pake, alisikia tunagombana. Akauliza, "Huyo Dadi anaweza kubeba magunia?" Nikamwambia, huyo hawezi kubeba hata lawama. Kaa naye. Unatoa watu kama wengine wanavyotoa ugoro! Katika maisha yako hujawahi kutoa kitu ambacho ni chako.

Sitakuja.

Chausiku binti wa Mwanahawa, aliyekufa kwa huzuni usiyoiita jina


Kigango cha Lusange
8 Desemba 1912

Binti yangu Chausiku,

Gabrieli amenisomea yote. Nilimwamuru arudie, akarudia. Mbuzi hawakulishwa siku hiyo.

Umenipiga pale panapouma, lakini nisikilize kidogo, maana hata Shetani katika mchezo humwacha mlevi aseme. Ningemtoa Dadi, shangazi yako angelala mlangoni pangu mpaka afe, na ukoo wote ungeniita mchawi anayekula watoto wa dada yake. Ningesema hakuna aliyekunywa, tungechomwa sote, nawe ukiwamo. Majumbe wote tulitoa watu mwaka ule. Jumbe wa ng'ambo ya mto alimtoa kichaa wa kijiji, na leo watu wanamwamkia vizuri tu. Mimi kwangu hapakuwa na kichaa.

Unasema sikumwambia. Ningemwambia angekimbia. Ni hivyo tu. Nilizijua mbio zake.

Dadi nimemwambia umemkataa. Alisikitika, alikwisha funga mzigo.

Nisemeje zaidi? Mkesha wa Noeli nitakaa kwenye kile kigoda, na Dadi atauliza lile swali. Nitatazama mlangoni.

Baba yako,
Rehani

Chausiku dada yangu, haya naandika mimi Gabrieli, mzee hayajui. Bruda alipotunga mchezo huu alikusudia watu wacheke, kisha wamwone Mtoto Yesu horini waende zao. Mzee haoni hivyo. Kila siku ananiuliza: "Kengele hiyo ikilia, ni kengele ya Bruda au ya Mungu?" Namjibu ni ya mbuzi, tuliivua shingoni mwa beberu. Hanisadiki. Juzi nimemkuta amesimama juu ya bwawa la mto, pale penye kina, anarusha mawe na kusikiliza yanavyozama. Nilipomwuliza akasema anajifunza. Nimeficha kamba zote za kigangoni, lakini mto siwezi kuuficha. Hata kama huna msamaha, njoo. Useme maneno mawili, "mwacheni huyu", kisha uende ukatubu uongo wako mahali pengine.

Gabrieli


Morogoro
15 Desemba 1912

Baba,

Gabrieli ananitisha na maiti yako. Mwambie mimi nimekwisha kaa na maiti ambayo sikuiona, haiwezekani kunitisha na nyingine.

Sikukuomba Dadi wala machozi. Nilichokuomba sikukitaja waziwazi, basi nakitaja sasa ili usiseme hukujua. Sema ulilofanya. Usiseme walilofanya majumbe. Sema ulimwitaje, ulimtuma wapi, ulijua nini ulipokuwa ukimtuma, mbele ya watu wale wale waliokuwa uwanjani wakatazama chini. Sijakusikia ukisema hata kwa mama alipokuwa anakata roho. Ulimwambia, "Mungu alipenda." Mungu hakuwa jumbe wa Lusange, Baba. Jumbe ulikuwa wewe.

Na unachagua sana mahakama zako! Umekwenda kujipeleka kwa Shetani mwenye mkia wa katani, aliyeshiba kuku wako, ambaye ndiye uliyemwokoa. Hakimu gani rahisi kama huyo?

Nitafanyaje mkesha wa Noeli ni juu yangu. Usitazame mlangoni.

Chausiku


Kigango cha Lusange
26 Desemba 1912

Kwa Chausiku.

Hukuja. Mimi Gabrieli nakuandikia upate kujua usilolijia, na kama utalala baada ya kusoma, ulale salama.

Watu walijaa mpaka madirishani, Wakristo na Waislamu, hata wa kutoka kule chini Mikese waliosikia kuna Shetani anayekula. Mwanzo walicheka vizuri. Dadi aliingia na pembe zake akasema, "Haya, simama, twika, twende," watu wakaanguka. Akala kuku, wakamhesabia vipande. Bruda alikuwa nyuma ya pazia, amefurahi, anapiga kinanda chake cha mkononi.

Ndipo Dadi akauliza, "Nani anamtetea?" Nasi hatukuwa tumefikiri, Chausiku. Watu wa milimani wakiulizwa swali kama lile, wao wanajua wako wapi: wako barazani, penye kesi. Bi kizee mmoja akasimama, akamwamkia Shetani kwa adabu, akasema, "Mimi la kumtetea sina, ila naomba shauri langu la mbuzi lisikilizwe." Akaeleza mbuzi wake jumbe alivyomla mwaka wa nzige. Akafuata mtu wa mpaka wa shamba. Akafuata aliyechapwa viboko kwa ajili ya pamba ya serikali isiyoota. Wakapanga foleni! Bruda akatoka mbio, "Hapana, hapana, huu mchezo!" Wakamwambia, "Bruda, ngoja zamu yako." Dadi naye, na mkia ameushika mkononi, akawa anawapanga: "Mmoja mmoja, wazee wangu, Shetani ana masikio mawili tu."

Mzee Rehani alisikiliza wote. Kisha akasimama kwenye kigoda, na maneno aliyosema hayakuwa ya Bruda. Alisema jina la Mosi. Alisema, "Aliyekunywa ni huyu, nami nilijua. Nikamwita mwanangu, nikamwambia abebe mzigo wa askari, na nilijua harudi. Dada yake akamfungia mihogo nami nikatazama akifunga." Alisema yote, hakumtaja jumbe mwingine wala Mungu.

Dadi akavua pembe, akalia, akasema, "Kweli, mimi ndiye niliyekunywa." Mtu mmoja nyuma akamjibu, "Tunajua! Vaa pembe, umalize." Akazivaa tena huku analia, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Nani anamtetea?"

Hakuna aliyesema. Bruda akapaza sauti, "Mimi! Mimi namtetea!" Wakamwambia, "Wewe hakukukosea. Kaa." Mimi nilishika kengele na sikuipiga, nilikuwa natazama njia ya Morogoro. Nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi. Mzee akaja, akaninyang'anya kengele, akaipiga mwenyewe. Dadi alipaswa kumshika bega amtoe nje. Hakuweza. Alikaa chini na mkia wake. Mzee akatoka peke yake.

Tangu jana alfajiri tunatafuta bwawani kwa miti mirefu. Bruda amejifungia, hali chakula, anasema ameua mtu kwa mzaha wa kwao.

Maneno mawili tu nilikuomba.

Gabrieli


Morogoro
30 Desemba 1912

Mwalimu Gabrieli,

Waambie watoe miti yao bwawani. Yuko kwangu, barazani, amelala kifudifudi.

Hakwenda mtoni. Aliteremka kwa mguu ule ule mpaka boma la hapa mjini. Ijumaa asubuhi akamwambia karani: "Mwaka wa vita niliwaletea mtu nikasema alikunywa maji. Hakunywa. Nilidanganya, nanyi mkamnyonga. Nataka iandikwe hivyo, na nataka mifupa yake." Karani, mtu wa pwani, hakuwa mbaya. Akamwambia, "Mzee, vita ile imekwisha, nenda kalime." Akakaa chini mlangoni. Akaambiwa ondoka, hakuondoka. Bwana alipofika akaelezwa, akasema jambo ambalo Hatibu alilisikia kwa masikio yake, maana tayari mji mzima ulikuwa pale: kama mzee huyu aliidanganya serikali zamani, apigwe hamsa ishirini za kiboko kwa uongo wake, na kama anaidanganya leo, apigwe hizo hizo. Lipi ni kweli, serikali haina haja ya kujua.

Wakampiga. Mtu wa umri ule! Kuandika hawakuandika. Mifupa hawana. Karani alisema pale palichimbwa walipotengeneza njia ya reli, na udongo ulipelekwa asikokujua.

Askari akauliza nani mwenye mzee huyu amwondoe, anachafua ngazi. Nikasema mimi.

Sasa sikiliza lile ambalo tangu barua yako limenifanya nisiweze kulala, kama ulivyonitakia. Nilikuja. Nilipanda na akina mama wa ndizi, nimejitanda kanga mpaka machoni, nikakaa nyuma ya wanawake, karibu na mlango. Nilicheka kwenye kuku. Nilimsikia akisema mihogo. Sikujua kwamba aliniona nikiifunga. Dadi alipouliza mara ya mwisho nilikuwa nimekwisha simama, Gabrieli. Ulitazama njia, hukutazama wanawake. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema moyoni, acha angoje kidogo. Mosi alingoja pale bomani akidhani baba yake atatokea kusema kuna makosa. Acha naye aonje, kidogo tu. Ndipo akakunyang'anya kengele. Nikatoka na wenzangu kama mtu aliyetazama mchezo, nikarudi mjini.

Kwa hiyo Bruda ale chakula chake. Kama yuko aliyemwua mtu kwa mchezo ule, si yeye.

Mgongo umeoza. Bi Bhanumati, mke wa Vinubhai, analeta manjano na samli, anampaka kwa mkono wake na kuwatukana Wajerumani kwa Kigujarati. Homa haishuki. Anaongea kidogo. Hakuniomba kitu, hata maji ananingoja nifikirie mwenyewe. Jana tu alisema, "Tanga la mwenzio halijawekwa." Kweli halijawekwa. Mama alikataa tukae matanga bila mwili, nami nikashika neno lake mpaka leo.

Tutaweka Ijumaa hii, hapa uani. Mjomba amekwisha teremka kutoka Mgeta. Dadi aje na wanawake wa ukoo wao, waje kama wanaoomba, na yeye aje bila pembe na bila njaa. Mje upesi, mkiweza mtembee bila kulala, kwa sababu sina hakika na Ijumaa.

Mjomba ameniuliza mzee awekwe wapi siku hiyo, kwenye mkeka wa wafiwa au ng'ambo, pamoja na ukoo wake waliokosa. Ni swali la haki, na kwa desturi jibu lake ni moja tu. Nimemtandikia kwetu, kwenye wafiwa, karibu na mahali nitakapokaa. Mjomba akanitazama sana. Nikamwambia hawezi kukaa kitako, lazima alale, na upande ule ndio wenye kivuli.

Bruda akikuuliza, mwambie hivyo hivyo. Upande ule ndio wenye kivuli.

Chausiku